Maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu jioni zetu za picha hapa Lamu

Assalamu alaykum, karibuni. Nimechoka kujibu swali lilelile mara kumi kwa WhatsApp, kwa hivyo leo nimekaa barazani na kahawa tungu nikayaandika yote pamoja, jirani akikuuliza mtumie hii na uniache nipumzike. Kwa asiyejua: kila Jumamosi baada ya isha tunakutana juu kwenye nyumba moja Mkomani, watu kumi na tano hivi, tunatandika mikeka, tunawasha projekta kwenye ukuta mweupe na tunaangalia picha za kuchora zilizoko majumba ya sanaa ya huku na huko, huku tukisikiliza wale waliopanga maonyesho wakizungumza juu yake. Basi, ndio hio. Hakuna cheti na hakuna kadi ya uanachama.

Kyureta ni nani hasa? Ni yule askari wa makumbusho?

La. Anayekukatia tikiti mlangoni ni mwingine, anayekukemea usiguse ni mwingine (mimi nishakemewa, nilisogeza pua karibu mno na picha moja ugenini, nikaona haya mpaka leo). Kyureta, wengine humwita mhifadhi au msimamizi wa maonyesho, ndiye anayeamua kitu gani kitoke stoo na kipi kibaki, hiki kikae ubavuni mwa kile, taa iwe kali kiasi gani, na kile kikaratasi cha ukutani kiseme nini. Mfikirie yule mama anayeitwa kupamba nyumba ya harusi, vyombo vyote ni vya wenyewe, yeye hana hata kijiko, lakini akishamaliza ukiingia unajua macho yako yaanzie wapi. Sasa mkalishe mama huyo na mwenzake waulizane kwa nini hiki umekiweka pale, hayo ndio mazungumzo tunayoyasikiliza.

Si ningesoma tu hicho kikaratasi?

Soma, lakini kikaratasi kina maneno machache na kimepita mikononi mwa watu wengi, mpaka kinafika ukutani hakina shaka yoyote ndani yake. Kwenye mazungumzo ndipo unamsikia mtu akisema "tulidhani hivi, kumbe sivyo". Hapo ndipo utamu.

Chukua ile picha ya msichana mwenye hereni ya lulu, ya Vermeer, mchoraji wa Kiholanzi, iko jumba la sanaa la Mauritshuis kule Den Haag, Uholanzi. Kila mtu anajua nyuma yake ni giza tupu. Mwaka 2018 waliishusha wakaikagua kwa mashine mbele ya wageni, na 2020 mtaalamu aliyeongoza kazi hio, Abbie Vandivere, akaeleza kwamba lile giza zamani lilikuwa pazia la kijani, rangi ndio imebadilika kwa miaka, na yule msichana ana kope, ndogondogo, macho matupu huwezi kuziona. Na hio lulu yenyewe ukiangalia vizuri haina hata kikulabu cha kuning'inia sikioni, ni mapigo machache ya brashi, rangi nyeupe tu, jicho lako ndilo linaloimalizia kazi.

Au ile kubwa ya Rembrandt, Mholanzi mwingine, ya 1642 iliyoko makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, wanaiita ya walinzi wa usiku. Usiku wenyewe haupo! Vanishi iliingia weusi ndio watu wakadhani ni usiku, ilipokuja kusafishwa miaka ya 1940 mchana ukatokea. Tena 1715 ilipohamishiwa jumba la mji waliikata pembeni ili iingie kati ya milango miwili, yaani ukuta ukawa na heshima kuliko picha. Kuanzia 2019 wameijengea chumba cha vioo palepale ukumbini wanaichunguza watu wakitazama. Siku tulioangalia mazungumzo ya hio, seremala mmoja aliyekaa nyuma aliguna akasema hata yeye ashawahi kuletewa mlango wa kale wa nakshi auchonge upunguwe uingie nyumba ya tajiri, na alikataa. Mjadala wa ule mlango ulituchukua muda mrefu kuliko Rembrandt.

Mimi sikusoma sanaa, ntaelewa?

Hakuna aliyesoma. Tuna mvuvi, tuna mwalimu wa madrasa, tuna mabinti wa saluni, na tuna fundi wa majahazi kutoka Matondoni ambae nakwambia ndio macho yetu. Siku moja tulikuwa tunaangalia picha ya bandari ya Ulaya, bahari nzuri, mawingu mazuri, kyureta anasifu mwangaza dakika nzima, fundi akainuka akaenda mpaka ukutani kivuli chake kikajaa kwenye picha, akaweka kidole: tanga limejaa upande wa kulia, na bendera juu ya mlingoti uleule inapepea kushoto. "Huyu upepo wake umetoka wapi na wapi?" Tukarudisha nyuma tukaangalia tena, kweli. Sasa huwezi kusema yule mchoraji ni mjinga, huenda alichora chombo siku moja na bendera siku nyingine, huenda alitaka tu ile nyekundu ikae pale, lakini hilo swali yule kyureta hakuliuliza na fundi wetu kaliuliza.

Picha gani imezua kelele zaidi mpaka sasa?

Hio haina mashindano. Ni ya Mholanzi anaitwa Willem Kalf, ya mwaka 1669, iko jumba la sanaa la Indianapolis, Marekani. Haina mtu ndani. Ni meza tu, zulia la mashariki limekunjwa kunjwa juu yake, glasi, limau lililomenywa nusu ganda lake linaning'inia, na kando yake jagi la kaure la Kichina, la buluu na nyeupe, lile la kuwekea tangawizi.

Utaratibu wetu ni huu, dakika tano za mwanzo hakuna sauti, tunaangalia tu, hata mimi nafunga mdomo. Dakika ya pili haijaisha bibi mmoja wa makamo ya mamangu akasema, "Hini ni ya zidakani kwetu hini. Wameipata wapi?"

Chumba kizima kikacheka halafu kikanyamaza, manake alikuwa na haki. Wale mnaokaa nyumba za kale mnajua, ukuta wa ndani kule mwisho una zidaka za chokaa safu kwa safu, na ndani ya zidaka watu wakipanga kaure kutoka China, sahani na bakuli, si za kulia chakula, za kuonekana. Ziliwekwa hata makaburini, nenda Mambrui pale kaskazini mwa Malindi uone nguzo ya kaburi iliyopachikwa bakuli za Kichina. Na Shanga, kisiwani Pate, waliofukua wametoa vigae vya Kichina vya karne ya 9. Kwa hivyo tulipowasha sauti na kuanza kusikia namna kaure zilivyoingia Amsterdam karne ya 17 kwa meli za kampuni ya biashara ya Waholanzi na zilivyowashangaza matajiri wa kule, watu wetu walikuwa wanatazamana tu. Yaani hicho kitu kigeni na cha ajabu kwenye picha, sisi kwetu ni chombo cha nyanya.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na la kusema. Kwamba jagi limechorwa likiwa na mng'aro wa dirisha ubavuni, na hilo dirisha kwenye picha halipo, liko nyuma yako wewe unaeangalia. Kwamba ule weupe si mweupe, una kijivu na rangi ya limau imerukia. Na limau lenyewe likaleta vita, kina mama wanasema ni israfu, nani anamenya limau hivyo akaliacha likauke akaenda zake? Kumbe ndio maana yenyewe au karibu yake, picha za meza namna hii mara nyingi zinazungumza juu ya mali na muda, kizuri leo kesho kimenyauka. Bibi akasema hayo hakuhitaji Mholanzi kumwambia.

Naskia kuna twiga wa Malindi kwenye picha ya China, ni kweli ama stori za mabeach boy?

Ni karibu na kweli, beach boys kwa mara moja hawako mbali. Mwaka 1414 twiga alifikishwa kwa mfalme Yongle wa Ming kama zawadi kutoka Bengal, na wanahistoria wengi wanasema huko Bengal alikuwa amefika kutoka pwani yetu, halafu mwaka uliofuata ndio Malindi ikatuma twiga wake. Shen Du, mwandishi wa hati wa ikulu, akaandika sifa za yule twiga wa kwanza juu ya picha yake, na nakala zake za baadae ziko Taipei na jumba la sanaa la Philadelphia. Wachina walimpokea kama qilin, mnyama wao wa baraka anaetokea kukiwa na mfalme mwema, na kwa mfalme hio ilikuwa habari njema sana bila shaka.

Ukiiona angalia ngozi: madoa yamepangwa sawasawa kama macho ya wavu wa kuvulia, hakuna twiga alie nadhifu namna hio. Mchoraji alikuwa na mnyama mmoja mbele yake na mwingine kichwani, akawachanganya. Na pembeni yuko mtu ameshika kamba, anatazama juu. Kila nikiionyesha watu wanaulizia twiga, mimi namuulizia huyo wa kamba, na hakuna kikaratasi kinachomtaja.

Picha za watu si haramu lakini?

Nimelitarajia. Wanazuoni wamelizungumza na hawana kauli moja, na mimi si mwanazuoni, kwa hivyo sitatoa fatwa hapa. Nachoweza kusema ni tunavyofanya: picha za uchi hatuweki, wenye kuona uzito wanakuja zile Jumamosi za hati na nakshi tu, na tunazo nyingi. Tushafanya jioni nzima ya misahafu ya kale ya huku kwetu Siyu na Pate, wino mweusi, mwekundu na manjano, vile pambo la ukurasa linavyofanana na nakshi ya mlango. Mwalimu wetu wa madrasa ndie aliyeongea siku hio na alimshinda kyureta yeyote niliyemsikia.

Mtu mweusi kwenye hizo picha za kale yuko wapi? Ni wazungu tu na makola yao.

Yuko, ila kwa muda mrefu hakuulizwa. Rembrandt alichora Waafrika wawili kwenye picha moja mwaka 1661, hio nayo iko Mauritshuis. Mwaka 2020 nyumba ya Rembrandt pale Amsterdam, ambayo ni makumbusho, ilifanya maonyesho ya watu weusi wa zama zake, makyureta walikuwa Stephanie Archangel na Elmer Kolfin. Jambo kubwa walilotoa ni kwamba pale mtaani kwa Rembrandt kulikuwa na jamii ndogo ya watu weusi huru, majirani zake, wana ndoa na nyaraka zao. Kwa hivyo zile sura hazikutoka kichwani mwake, alikuwa anakutana nazo akitoka mlangoni.

Mkisikiliza ya namna hii angalieni jambo moja, kyureta anapoanza kuuliza "huyu ni nani" badala ya "hii ni ya nani", picha inabadilika na hakuna aliyeigusa.

Mbona Ulaya Ulaya tu, Kenya hakuna wachoraji?

Lawama nimeipokea. Sababu ni ya kivivu, kule wamerekodi mengi na wameweka bure. Lakini tumeangalia Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa 1984, ambae hachori kwenye turubai ya kawaida, anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, lile gome la mti la Uganda linalogongwa mpaka likawa kitambaa, Buganda wakilitumia kwa mazishi na kutawazisha. Mwenyewe husimulia kwamba alikutana nalo sokoni Nairobi likiuzwa kwa watalii. Lubugo lina matundu na mishono, na yeye hayazibi, unakuta tundu katikati ya anga au shavuni mwa mtu. Fundi wetu wa majahazi alipenda mishono kuliko picha, akasema huyu ameshona kama mtepe, kile chombo cha kale cha mbao zilizoshonwa kwa kamba.

Maonyesho yake makubwa yalikuwa Munich 2020 kisha Royal Academy London 2021, na alichofanya ni kuwaingiza wakubwa waliomtangulia, kina Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Sane Wadu, Elimo Njau, wakatundikwa pamoja nae. Sasa hilo ni tendo la ukyureta tayari. Akaanzisha na taasisi ya sanaa ya kisasa pale Nairobi, NCAI, ukienda mji pita.

Na hapa hapa kisiwani, tangu 2011 wachoraji wa nje wamekuwa wakija kwa tamasha la wachoraji, unawaona wamesimama na vibao vyao kwenye vichochoro wanapishana na punda. Mkiwaona msiogope kuwauliza. Muulize kwa nini kivuli cha ukuta kakipaka buluu.

Vitu vyetu vilivyoko nje vitarudi lini?

Mimi sina funguo za stoo zao. Lakini vingine vimerudi. Nyie wa Malindi na Kilifi mnajua vigango, nguzo za kuchonga wanazosimamishiwa wazee wa Gohu, chama cha wazee wa Kigiriama, waliofariki, haviondolewi vilipowekwa. Kuanzia miaka ya 70 vikaibwa sana vikauzwa kwa madalali, vikaishia majumba ya sanaa ya Marekani vimetundikwa kama "uchongaji". Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama kando ya vigango viwili vya ndugu zake, si muda vikaibwa, na miaka baadae vikatambulikana viko kwenye makumbusho mawili ya Marekani, kwa sababu ya ile picha. Ifikapo 2007 vyote viwili vilikuwa vimerudi. Makumbusho ya Denver, Marekani, walitoa 30, na mwaka 2023 vikarudi 37 kutoka Illinois State Museum.

Jioni hio ilikuwa nzito. Dada mmoja wa Malindi aliekuja kutembea aliomba tusirushe picha za vigango ukutani, tuzungumze tu, na tukazima projekta. Nilikuwa nimeandaa picha kumi na mbili na sikuonyesha hata moja, na kusema kweli ndivyo ilivyotakiwa kuwa.

Kabla sijaja, nianzie wapi mwenyewe?

Anza na miguu yako. Ingia Makumbusho ya Lamu pale mbele ya bahari usimame mbele ya siwa mbili, yale mabaragumu ya heshima ya watawala, ile ya pembe za ndovu ya Pate, zaidi ya mita 2, na ya shaba ya Lamu. Kaa hapo dakika kumi, usipige picha. Angalia ile ya pembe ilivyounganishwa kwa vipande, nakshi zinaanzia wapi zinaishia wapi, mkono wa mpigaji ungekaa wapi. Halafu mtafute mhusika wa pale umuulize kwa nini ziko kabatini hivi na si vingine, wanapenda kuulizwa, wengi wetu tunapita tu kama tunapita dukani.

Ukimaliza nenda ngomeni, iliyomalizwa kujengwa 1821 na ikawa jela mpaka 1984, na unapoangalia chochote kilichotundikwa mle jiulize ukuta huo ulishawahi kushikilia nini.

Na kwa wenye bando, tafuteni mazungumzo ya maonyesho ya sanaa za Waswahili yaliyoanzia Illinois 2017 yakaenda Washington na Los Angeles, makyureta Prita Meier na Allyson Purpura, vitu vingine walikopeshwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vingine vikatoka makumbusho ya Oman. Utaona vitu vya kwetu vimewekewa taa za kwao. Sio vibaya na sio sawa, njoo uniambie wewe.

Kiingereza changu kibovu.

Naweka pause kila dakika mbili nafasiri. Nikikosea yupo atakaenikosoa, wiki iliyopita niliambiwa na mtoto wa darasa la saba.

Kama siku moja tutaongea na kyureta mwenyewe kwa simu, nimuulize nini?

Usimuulize picha ina maana gani, atakupa hotuba. Muulize aliiacha ipi nje na kwa nini. Muulize nyuma ya picha kuna nini, manake nyuma ndiko kwenye mihuri, namba za mnada, majina ya waliomiliki, na wakati mwingine mchoro mwingine kabisa. Muulize ni kitu gani angekibadilisha leo. Tushawahi kumpata mmoja tukamuuliza hilo la mwisho, akanyamaza, tukadhani mtandao umekatika, kumbe anafikiri, akasema angehamisha picha moja sentimita chache tu kwenda kushoto na imemuuma miezi sita.

Stima ikikatika?

Imeshakatika, tena katikati ya Kalf. Tukawasha taa za simu, kila mtu akaeleza kilichokuwa mezani kwa kukumbuka. Watu saba waliapa kulikuwa na kisu. Stima ilipokuja tukahesabu upya, na bado hatujakubaliana.

Watoto, wanawake, mlango upi, nilete nini?

Watoto waje ila wakae mbele. Wanawake wana upande wao na ngazi yao, na ndio wanaoongea zaidi kwa hivyo msihofu. Mlango ni ule wenye daka la mawe mawili baada ya kisima, ukifika piga hodi kwa nguvu, tukiwa tumenyamaza tunaangalia hatusikii. Kahawa ipo. Kaimati zikiletwa zikae mbali na projekta, safari ile shira ilimwagika kwenye waya na nikatumia kutwa nzima kupigana na siafu.